Upepo wa Nahodha, Maji ya Mkataji: Boriti kati ya Rufiji na Maskati

Anayetoka Hamriya, mtaa wa Maskati ambamo Kiswahili husikika madukani na vibarazani, akielekea magharibi kwa gari, hufika baada ya muda mfupi mahali paitwapo Qurm. Leo jina hilo huwakumbusha wakazi wengi bustani, maduka makubwa na ufukwe. Maana yake ya asili ni mti. Kwa Kiarabu, qurm ni mti wa mikokoni, ule ambao watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanauita mchu. Miti yenyewe ingalipo, imesimama matopeni mahali ambapo Wadi Aday linakutana na bahari. Mwaka 1975 serikali ya Oman ililitenga hori hilo kuwa hifadhi, na mwaka 2013 likaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, likiwa la kwanza nchini humo. Ukubwa wake unazidi kidogo tu hekta 100.

Hapo ndipo lilipo swali la insha hii. Nyumba za zamani za Maskati na Matrah, kama zile za bandari nyingine za Ghuba, ziliezekwa juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo hazikukatwa Qurm. Zilitoka Lamu na delta ya Rufiji, safari ya majuma kadhaa kwa jahazi. Kwa nini mji wenye mikoko yake mlangoni uagize mikoko kutoka ng'ambo ya bahari? Jibu lake linatulazimu kuitazama upya namna tunavyoisimulia historia ya bahari yetu.

Masimulizi tuliyoyazoea huanza na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuyaleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi huanza kushika mwezi Aprili na kuyarudisha kwao. Wanafunzi wetu hufundishwa hivyo shuleni, na wanazuoni nao wameujenga juu ya pepo hizo ufahamu wetu wa ustaarabu wa majahazi. Hakuna kosa katika masimulizi hayo, ila yana upungufu. Upepo ulimfikisha nahodha kwenye mlango wa delta. Haukumtilia hata kijiti kimoja chomboni. Kazi ya kuutoa mti msituni na kuufikisha kwenye ngama iliendeshwa na kujaa na kupwa kwa maji, na waliolijua jambo hilo walikuwa wakataji. Historia ya upepo imekuwa historia ya nahodha na mwenye chombo. Historia ya maji, ambayo ni historia ya mkataji, bado haijaandikwa ipasavyo.

Tuanze na mti. Kiswahili hutumia neno mikoko kwa msitu mzima wa pwani unaoogeshwa na maji ya chumvi, lakini watu wa mwambao hawaichanganyi miti yake. Mlilana husimama mbele, ukikabili bahari. Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, hukaa palipo na tope zito. Muia, ambao kwingine huitwa msinzi, na mkandaa hufuata nyuma yake. Mkomafi na msikundazi hupenda mahali ambapo maji matamu ya mto yamepunguza ukali wa chumvi. Mchu hauchagui sana: huota mbele na huota nyuma kabisa, katika ardhi kavu yenye chumvi ambayo miti mingine haiiwezi. Kwa jumla, mwambao wa Kenya na Tanzania una aina zisizopungua nane za miti hiyo.

Oman imebakiwa na aina moja, nayo ni mchu. Maskati hupata mvua ya takribani milimita 100 kwa mwaka, na wadi zake hukaa kavu kwa miezi mingi. Hakuna mto wa kudumu unaoweza kuipunguza chumvi. Haikuwa hivyo siku zote. Uchunguzi wa tope la kale umeonyesha kwamba misitu ya mikoko ilikuwa mikubwa zaidi katika pwani hiyo, kisha sehemu kubwa ikatoweka takribani miaka 6,000 iliyopita, hali ya hewa ilipozidi kukauka na chumvi kuzidi ardhini. Katika rasi ya Ras al-Hamra, jirani na Qurm, wanaakiolojia wamefukua makazi ya wavuvi wa zama hizo za kale, pamoja na marundo ya maganda ya kombe na konokono wa matopeni waliokuwa chakula chao. Watu wale waliishi kwa hori la mikoko. Msitu ulipopungua, ulibaki mti unaostahimili kuliko yote: mchu, ambao hutoa chumvi kupitia majani yake, kiasi kwamba ukiligusisha jani ulimini utaionja.

Lakini ustahimilivu si unyofu. Mchu hukua umepinda na kutawanya matawi. Mafundi wa vyombo wa Lamu waliupenda kwa sababu hiyo hiyo, maana shina lililopinda lenyewe hufaa kwa mataruma ya jahazi. Katika Oman ulikuwa kuni na malisho. Ngamia huyala majani yake bila kujali chumvi. Kwa dari haufai. Dari hutaka mti mnyofu, mzito, usioliwa na mchwa, na sifa hizo zinapatikana katika mkoko, muia na mkandaa. Kwa hiyo, Maskati ilikuwa na mikoko bila kuwa na boriti, na kilichoiletea boriti ni tope la Afrika.

Sasa tuje kwenye maji. Katika mwambao wa Zanzibar na Rufiji, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hufikia takribani mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari husita, haijai sana wala haipwi sana. Maskati nayo ina kujaa na kupwa kwake, lakini tofauti hiyo haifiki mita 3 hata wakati wa bamvua, na maji mawili ya siku moja mara nyingi hayalingani kimo. Mzaliwa wa Matrah aliyeijua bahari ya kwao vizuri alihitaji kujifunza upya alipoingia Rufiji.

Kwa mkataji, tofauti ya mita 4 ilikuwa ratiba ya kazi. Mkoko mbichi ni mzito mno. Hauelei kama mbao za msituni bara zinazofungwa pamoja na kuachiwa mto uzichukue. Ilibidi ukatwe maji yalipokupwa, tope lilipoonekana, kisha ubebwe begani hadi kwenye mkondo na kupakiwa katika mtumbwi au mashua. Chombo hicho kilikuwa kimeingia na maji ya kujaa na sasa kimekaa juu ya tope. Maji yaliporudi, kilinyanyuka na kutoka na shehena yake. Aliyekosea saa alilala msituni. Aliyekosea siku, akaingia na bamvua ndani kabisa ya kijito chembamba kisha maji mafu yakamkuta huko, aliweza kungoja siku nyingi kabla ya kupata kina cha kumtoa. Hivyo ukataji ulifuata kalenda ya mwezi, ile ile inayohesabu Ramadhani na Idi, na mkataji aliisoma kwa miguu yake matopeni.

Humo matopeni hakuwa peke yake. Delta ya Rufiji ni makutano ya mto na bahari, na wanyama wake ni wa pande zote mbili. Viboko na mamba hushuka na mikondo ya maji matamu. Kamba wadogo hukulia katikati ya mizizi kabla ya kutoka baharini, na ndiyo sababu bahari ya mbele ya delta imekuwa na sifa ya kamba kuliko sehemu nyingine za Tanzania. Nguva, ambaye amekuwa adimu mno katika Afrika Mashariki, bado anajulikana katika maji yaliyo kati ya Rufiji na Mafia. Kaa huchimba mashimo, na mashimo hayo huingiza hewa ndani ya tope zito. Bila wao mizizi hukosa pumzi. Mkataji aliishi na mbu, chaza wanaokata nyayo na mamba asiyeonekana. Maarifa ya kuepukana na hayo yote hayakuandikwa katika daftari lolote la forodha.

Tunalo, hata hivyo, andiko moja la mtu aliyeingia huko na kutoka. Baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji, kisha kurudi Kuwait kupitia Maskati, katika msimu wa 1938 na 1939. Kitabu chake, *Sons of Sinbad*, kilichapishwa mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich. Kurasa zake kuhusu delta hazina uzuri wa tanga na nyota. Zinazungumzia joto, tope, mbu, maradhi na kazi isiyokwisha ya kupakia boriti. Kwa msomaji wa Kiswahili zina thamani kubwa na kasoro kubwa kwa pamoja. Thamani yake ni kwamba zinatuonyesha kazi. Kasoro yake ni kwamba mabaharia wa Kuwait wana majina, tabia, madeni na vichekesho, hali watu wa Rufiji wanapita nyuma yao kama sehemu ya mandhari. Villiers aliishi na waliokuja na upepo; hakuishi na walioyajua maji.

Si yeye peke yake. Wajerumani walianza kusimamia misitu ya delta mwaka 1898, wakiwa na kituo Salale, kwa kuwa waliona mapema kwamba boriti na magome ya mikoko, yanayotumika kutengenezea ngozi, yanaweza kulipiwa ushuru. Tangu hapo karatasi za serikali zinahesabu miti. Biashara yenyewe ilihesabu kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kupanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Msamiati huo ni hazina ya lugha, na kila neno lake linabeba uamuzi uliofanywa na mkataji mwenye shoka mbele ya mti: huu uko tayari, ule uachwe ukue. Lakini karatasi zilizobaki zinatupa hesabu ya korja, mara nyingine jina la nahodha, na ni mara chache mno zinapotupa jina la aliyekata. Wanahistoria kama Erik Gilbert, aliyeandika juu ya majahazi na uchumi wa kikoloni wa Zanzibar, na Thaddeus Sunseri, aliyeandika juu ya misitu ya Tanzania na dola, wametufungulia mlango kwa kuonyesha jinsi biashara hii ilivyodumu hadi ndani ya karne ya 20. Kuingia ndani ni kazi yetu, kwa sababu ushahidi uliobaki sasa uko katika lugha yetu.

Na tusidhani kwamba hii ilikuwa biashara ya pembeni. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri alipoieleza Siraf, bandari tajiri ya upande wa Uajemi, alisema kwamba nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zenji. Kwa hiyo, miaka elfu moja kabla ya Villiers, paa la Ghuba lilikuwa tayari linategemea misitu ya Afrika. Pembe na dhahabu ziliwapamba wachache. Boriti ilikuwa juu ya kichwa cha kila aliyeweza kujenga nyumba ya kudumu. Iliamua hata umbo la maisha: kwa kuwa boriti nzuri haikuweza kubeba dari pana zaidi ya mita 3 hivi, vyumba vya Lamu, Zanzibar, Matrah na Kuwait vilikuwa vyembamba na virefu. Mtu aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine aliingia katika chumba chenye upana ule ule, akalala akitazama safu zile zile za miti. Katika bandari za Ghuba miti hiyo iliitwa chandal, na wengi waliolitamka neno hilo hawakuwahi kuuona msitu ilikotoka.

Mwisho wa biashara hiyo ulikuja kwa namna inayostahili kutafakariwa na kila Mswahili wa Oman. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya watu wengi wenye asili ya Oman kutoka Zanzibar. Mwezi Julai 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka akawaita Waomani walio nje warudi kujenga nchi, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu wenye kuzungumza Kiswahili walikwenda Maskati, wengi wakiwa na elimu na ufundi uliohitajika. Lakini mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje tangu 1967, na mji ulikuwa ukigeuka. Saruji na nondo ziliondoa haja ya boriti. Chumba kikawa na upana autakao mwenyewe. Upande wa pili, Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, na Tanzania ikasimamisha ukataji mwaka 1987, kisha mwaka 1991 ukatoka mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara ulioandaliwa na mwanasayansi Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tazama basi mfuatano wake. Kwa karne nyingi Maskati ilipokea miti ya Afrika, na ikaipa nafasi juu ya vichwa vyake bila kuiuliza nasaba. Miti ilipoacha kuja, walikuja watu, na hao waliulizwa. Mitaa iliyowapokea, Hamriya ikiwamo, ilikuwa ya saruji. Kizazi cha kwanza cha wazungumzaji wa Kiswahili katika Maskati mpya kilikaa chini ya dari ambazo hazikuwa na chochote cha kuwathibitishia wenyeji wao kwamba Afrika ilikuwapo katika mji ule kabla yao. Ushahidi ulikuwa umbali wa dakika chache, Matrah, katika nyumba kuukuu zilizokuwa zikibomolewa au kuachwa zianguke. Mjadala wa nani ni Mwarabu kamili na nani "wa Zanzibar" umefanywa kwa miaka hamsini kwa lugha ya damu na ukoo. Dari za Matrah zingeweza kuuletea mjadala huo ushahidi wa aina nyingine: kwamba mji huo ulishikiliwa, kwa maana halisi ya neno, na kazi ya Waafrika ambao hawakuwahi kuingia katika shajara ya ukoo wowote.

Mambo hayo hayajaisha. Mwezi Juni 2007 kimbunga Gonu kilipoipiga Oman, maji yalishuka kwa wadi na eneo la Qurm likafurika vibaya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ushirikiano na Japani, Oman imekuwa ikiotesha miche ya mchu kitaluni na kuipanda katika mahori mbalimbali ya pwani yake. Ni juhudi njema. Wahenga husema ndio kwanza mkoko ualike maua. Lakini hekta mia moja na ushei za Qurm zina walinzi, ua na bajeti ya nchi ya mafuta. Delta ya Rufiji ina mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, nayo ni sehemu ya eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoandikishwa mwaka 2004. Humo watu hulima mpunga wakifyeka mikoko kwa kuwa hawana ardhi nyingine yenye maji, na huambiwa kwamba wao ndio waharibifu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walilazimika kuupinga mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba uliokusudiwa kuchukua sehemu ya delta, na mradi huo haukutekelezwa. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mtiririko wa maji matamu unaofika chini unaamuliwa na mitambo iliyo juu ya mto. Oman inatufundisha, kwa ushahidi wa tope lake lenyewe, kinachotokea pale maji matamu yanapopungua na chumvi kushinda: miti minane huwa mmoja.

Yuko ndege mmoja anayezijua pwani zote mbili. Ni mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaa katika visiwa na fukwe za mchanga za Uarabuni, Oman ikiwamo, na hutaga ndani ya shimo analolichimba mchangani, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa mwambao. Baada ya kuzaa, wengi wao huja Afrika Mashariki na kusimama kwa makundi kwenye matope ya Lamu, Mida na Rufiji wakingoja maji yapwe. Hafuati upepo peke yake. Akishafika, ni maji yanayomwambia saa ya kula.

Mtafiti wa historia hii naye ana maji yake ya kufuata, na hayangoji. Wazee waliokata boriti Rufiji na Lamu kabla ya miaka ya 1980, wakajua kwa majina mikondo inayopitika wakati wa bamvua na isiyopitika wakati wa maji mafu, wanazidi kupungua. Katika Maskati nako wanapungua waliolala utotoni chini ya boriti hizo, upande huu au ule wa bahari. Wote wanaulizika kwa Kiswahili. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda Mbwera au Salale na kinasa sauti, aulize kwanza habari za maji, kisha aandike jina la kila anayemjibu.